Nyundo ya mashine hupata uraia ikishakufa

Katika kanuni za asili ya bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna kipengele ambacho wafanyabiashara wachache wa Busia na Malaba wamewahi kusomewa. Kinahusu vitu vilivyotumika. Kitu kilichokusanywa kutoka kwa watumiaji ndani ya nchi wanachama, ambacho hakifai tena kwa lolote isipokuwa kurudishwa kuwa malighafi, huhesabiwa kuwa kimezalishwa humu humu. Kwa lugha ya sokoni, chuma chakavu cha Kisumu ni chuma cha Afrika Mashariki, hata kama mashine iliyovunjwa ilitoka Manchester. Mashine hiyo hiyo ikiwa nzima na bado inapiga kazi, haina haki hiyo. Itabaki ya kigeni hata ikiwa imekaa Kisumu miaka 50.

Kwa bidhaa nyingi zinazovuka mpaka huu jambo hilo halina uzito. Mahindi hayana habari nalo, wala samaki, wala maharage. Lakini kwa fundi chuma wa Tororo anayetafuta nyundo ya mashine iliyotumika, na kwa mfanyabiashara anayetaka kumtafutia, ndilo linaloamua kama mashine itavuka ikiwa nzima au ikiwa vipande ndani ya gunia.

Nyundo ya mashine ni kifaa rahisi kukielewa. Badala ya vijana wawili wanaopokezana nyundo kubwa juu ya fuawe, kuna kichwa cha chuma kinachopanda na kushuka kwa nguvu ya mota, na fundi anakiongoza kwa mguu. Akikanyaga kidogo kinapiga taratibu. Akikanyaga sana kinapiga kwa nguvu. Zipo za springi, zinazozungushwa kwa mkanda. Zipo za hewa zenye pampu yake ndani, kama zile zinazotengenezwa China kwa jina la C41, ambazo zimeenea dunia nzima. Zote hupimwa kwa uzito wa kile kichwa kinachopiga, wala si kwa uzito wa mashine, na hapo ndipo wanunuzi wageni hukosea. Mtu anaambiwa "nyundo ya kilo 25" akadhani ataipakia kwenye pikipiki. Little Giant ya ratili 50, iliyokuwa ikitengenezwa Mankato katika jimbo la Minnesota, Marekani, ina kichwa cha kilo kama 23 tu, lakini mashine yenyewe hukaribia kilo 700. Uzito huo si wa bure. Sehemu ya chini inayopokea pigo inatakiwa iwe nzito angalau mara kumi kuliko kichwa, na mafundi wengi hupenda mara 15 au zaidi, la sivyo nguvu ya pigo inapotelea ardhini na chuma chekundu hakinyooki.

Kwa nini Tororo? Kwa sababu kazi ipo. Eneo hili na Teso yote ni nchi ya kulima kwa ng'ombe, na plau haliishi bila fundi wa kunoa na kurefusha ulimi wake kila msimu. Majembe, shoka, panga, patasi za wachonga mawe, minyororo ya matrela, yote hayo hupita kwenye moto. Malighafi haina shida: springi za malori yanayopita kwenye barabara kuu ya Malaba hazikosekani, na chuma chake ni kizuri. Shida ni kuzinyoosha. Springi ya lori ni nene, na kuipiga kwa mkono hadi iwe jembe ni kazi inayomaliza mkaa na mabega. Kila mara chuma kinapopoa kinarudi motoni, na kila kurudi ni mkaa mwingine. Nyundo ya mashine humaliza kunyoosha kabla chuma hakijapoa. Hesabu yake iko hapo kwenye mkaa, kabla hata ya kuzungumzia ujira wa wapigaji.

Na ufundi wenyewe haukuletwa na mtu. Wasamia, ambao leo wako pande zote mbili za mpaka wa Busia, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma ya vilima vyao na kufua majembe yaliyofika kwa Wajaluo na hadi Busoga, mengine yakitumika kulipia mahari. Jembe la Samia lilikuwa bidhaa ya kikanda kabla neno hilo halijabuniwa. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki kutoka Uganda na kuliunganisha na himaya yao ya upande wa Kenya, na mpaka ulipokuja kutulia, wahunzi wa ukoo mmoja walijikuta katika nchi mbili. Leo mmoja wao akitaka kumuuzia binamu yake ng'ambo mashine aliyoichoka, anatakiwa kwanza athibitishe kwamba si mwagizaji kutoka nje.

Mashine zilizotumika zinatoka wapi? Nyingine huagizwa moja kwa moja kutoka Ulaya, India na China, zikipitia Mombasa, na hizo zina karatasi zake. Zinazohusika hapa ni zile za ndani. Kila kiwanda kikubwa cha zamani kilikuwa na karakana, na karakana ya zamani ilikuwa na mhunzi. Kiwanda cha mbolea cha TICAF hapa Tororo, kilichokuwa kikitumia fosfeti ya Sukulu, kilikufa katika miaka ya 1970. Ng'ambo, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na kile cha sukari cha Mumias kikaingia mikononi mwa meneja mrasimu mwaka 2019. Reli ya pamoja ilivunjika na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Kila mahali pa namna hii panapofungwa, inafika siku ya mnada, na siku hiyo vifaa vya karakana huangaliwa kwa macho ya aina mbili.

Wa kwanza ni mnunuzi wa chuma chakavu. Yeye anakuja na mizani na fedha mkononi. Haulizi mashine inafanya nini. Anauliza ina kilo ngapi, analipa, anaikata kwa gesi papo hapo na kuondoka. Wa pili ni mhunzi, au mfanyabiashara aliyetumwa na wahunzi. Huyu anataka kuona mashine ikizunguka. Anataka siku mbili za kuchangisha fedha, na anataka kujua itavukaje. Jibu la swali hilo la mwisho likiwa "haijulikani", muuzaji hana sababu ya kumsubiri. Mwenye mizani anashinda, na si kwa sababu analipa vizuri. Anashinda kwa sababu biashara yake haina maswali.

Mashine ikishakatwa, hakuna kurudi. Fremu za nyundo hizi nyingi ni za chuma cha kusubu, na chuma hicho hakichomelewi kama bomba la geti. Kinahitaji kupashwa moto taratibu, vijiti maalumu vya nikeli na kupozwa polepole, na hata kikishika, pigo la nyundo litakifungua tena pale pale. Kwa hiyo wale wanaosema "ipasuliwe vipande viwili, ivushwe kwa njia za panya, iungwe Tororo" wanauza chuma chakavu kwa bei ya mashine. Mafundi wanawajua, ingawa kwa kuchelewa.

Sasa tazama sheria ilivyojipanga. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya, tangu mwaka 2005, uliziweka malighafi na mitambo katika kundi la asilimia sifuri, bidhaa ambazo hazijakamilika asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 likaongezwa kundi la asilimia 35. Mashine za kufua chuma zina namba yake katika orodha ya forodha, 8462, na ziko kwenye sifuri. Yaani serikali zenyewe zilikwisha kukubali kwamba mtu anayeleta mashine ya kufulia chuma asitozwe ushuru wa forodha. Kinachobaki ni kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18, pamoja na makaratasi. Na kwa mfanyabiashara mdogo, makaratasi ndiyo mlima.

Anayevusha bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara. Anajaza hati rahisi ya asili ya bidhaa pale pale mpakani, hahitaji wakala wa forodha, na anaendelea na safari. Utaratibu huo umesaidia sana, na waliobuni wanastahili sifa. Lakini una masharti mawili. Bidhaa iwe na asili ya Jumuiya, na iwe kwenye orodha ya pamoja, ambayo kwa sehemu kubwa ni mazao, mifugo na vitu vya nyumbani. Nyundo iliyotumika inakwama kwenye sharti la kwanza kwa sababu ilizaliwa Ujerumani au China, na hata ingevuka hapo ingekwama kwenye la pili. Basi mhunzi wa Tororo anayenunua mashine ndogo Bungoma kwa fedha ambayo haifiki hata nusu ya dola 2,000 anatakiwa atoe tamko kamili la forodha kupitia wakala mwenye leseni, kama vile anashusha kontena kutoka Shanghai. Malipo ya wakala hayapungui eti kwa sababu mashine ni kuukuu.

Kuna tatizo jingine, la thamani. Afisa wa forodha kwanza huangalia bei iliyolipwa kweli. Pasipokuwa na risiti ya kuaminika, sheria inamruhusu atafute thamani kwa njia nyingine, na njia hizo huanzia kwa mashine zinazofanana. Mashine ya miaka 40 isiyo na karatasi inaweza kujikuta ikilinganishwa na jamaa yake mpya. Hapo mzozo unaanza, foleni inarefuka, na dereva wa kanta anadai malipo ya kusubiri.

Upande wa Kenya nako kuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuangushwa na nchi kuingia gizani, serikali ya Nairobi ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na katazo hilo halikuondolewa hadi Mei. Hakuna mwenye akili anayeweza kupinga lengo lake. Nyaya za umeme na mataruma ya reli yalikuwa yakiibwa na kuuzwa kwa kilo. Lakini tangu wakati huo kila polisi wa barabarani anayeona chuma kizee chenye kutu nyuma ya kanta ana sababu ya kuuliza leseni. Mwenye nyundo anajibu kwamba hii si chuma chakavu, ni mashine. Anaulizwa karatasi inayosema hivyo iko wapi. Hana, kwa sababu hakuna ofisi inayoitoa.

Kwa hiyo mashine iliyo hai inaruhusiwa kuvuka lakini haina asili, na iliyokufa ina asili lakini haitembei bila leseni. Katikati ya hayo mawili kuna njia za panya, na ndizo zinazotumika.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza kanuni kutaufanya ukanda huu kuwa jalala la mitambo mibovu ya dunia. Hoja hiyo ina uzito inapohusu majokofu, matairi na magari yaliyokwisha. Kwa nyundo haishiki vizuri. Little Giant za mwanzoni mwa karne ya 20 bado zinauzwa na kununuliwa Marekani hadi leo, na wahunzi huko hawaoni aibu kufanyia kazi mashine yenye umri wa babu zao. Mashine hizi ni chache sehemu zake zinazokwisha, na zinazokwisha hutengenezwa upya na fundi yeyote mwenye leti. Zaidi ya hapo, hoja hiyo inahusu mashine zinazoingia kutoka nje ya Jumuiya. Iliyokwisha kuingia Kenya mwaka 1970 imekwisha kuingia. Swali lililobaki ni kama itakufa Kenya au itafanya kazi Uganda.

Hoja ya wizi ndiyo nzito, na inataka jibu la kweli. Mashine nzima ni rahisi kuitambua kuliko vipande vyake. Ina kibao cha mtengenezaji, mara nyingi ina namba, na fremu yake ina maandishi yaliyosubiwa ambayo hayafutiki kwa grinda bila kuacha kovu. Anayetaka kuficha wizi anaikata. Sheria inayoifanya mashine nzima kuwa ngumu kuuza kuliko vipande inamsaidia mwizi bila kukusudia.

Kinachotakiwa si kikubwa. Baraza la Mawaziri la Jumuiya linaweza kuamua kwamba kifaa cha kazi kilichokwisha kutumika ndani ya nchi mwanachama kwa muda fulani, na kinachotambulika kwa namba na picha, kiingizwe kwenye utaratibu rahisi kikiwa chini ya dola 2,000. Hapana haja ya kudanganya kwamba ni cha Afrika Mashariki kwa kuzaliwa; inatosha kukubali kwamba kimeishi hapa. Na orodha ya pamoja iongezewe vifaa vya mafundi: nyundo za mashine, leti ndogo, mashine za kutoboa, fuawe. Wanaojadili orodha hiyo hukaa wakifikiria mkulima na mama muuza mboga, jambo ambalo ni haki, lakini anayemtengenezea mkulima jembe naye anavuka mpaka.

Jambo la pili ni nyundo zinazotengenezwa hapa hapa. Marekani kuna wahunzi wanaojitengenezea nyundo ya springi kwa kutumia gurudumu la akiba la gari dogo kama klachi, na hakuna kitu ndani yake kinachokosekana katika karakana za Kamukunji au Katwe. Nyundo ya namna hiyo, ikitengenezwa Nairobi au Kampala, inaweza kudai asili ya Jumuiya bila ubishi mwingi, hata kama mota yake ni ya China, mradi thamani ya vitu vya nje isipite kiwango. Wafanyabiashara wa Busia waliozoea kutafuta mashine kuukuu wangefanya vyema kuwatafuta pia mafundi wa aina hiyo. Faida kwa kipande kimoja itakuwa ndogo, lakini karatasi zinapatikana.

Hadi kanuni zibadilike, anayenunua nyundo iliyotumika upande mmoja ili aiuze upande wa pili ana mambo ya kuangalia ambayo yatamwokolea fedha. Aione ikizunguka, na kama haizunguki kwa kukosa umeme, aizungushe kwa mkono na asikilize. Atazame fremu kwa tochi, hasa kwenye shingo na penye boliti, kwa sababu ufa mdogo uliopakwa rangi mpya ndio ugonjwa wa kawaida wa kuficha. Beringi na njia anamopita kichwa hutengenezeka, ufa hautengenezeki. Aangalie kama vyuma vya kupigia, cha juu na cha chini, vinakaa barabara kwenye mifuo yake. Aulize mota ni ya fezi ngapi, maana wengi wa wahunzi wa vijijini Tororo hawana laini ya fezi tatu, na kubadilisha mota ni gharama inayotakiwa kutajwa kabla ya kukubaliana bei. Na ahesabu krini ya kushusha na zege la msingi, ambavyo mnunuzi wa mwisho atavidai kwa maneno makali asipoambiwa mapema.

Kisha karatasi. Risiti iliyoandikwa jina la muuzaji, tarehe, bei na maneno "mashine ya kufua chuma iliyotumika", wala si "chuma" peke yake. Malipo kwa njia ya simu au benki, ili bei iwe na ushahidi. Picha za mashine ikiwa nzima, zikionyesha kibao. Wakala atajwe namba 8462 mapema, asije akaiandika kwa mazoea kama chuma chakavu, ambacho namba yake ni 7204 na ambacho kitaleta maswali ya leseni. Busia na Malaba zote zina vituo vya pamoja vya mpakani ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na wapo maafisa wa taarifa za biashara ambao kazi yao ni kumwelekeza mfanyabiashara mdogo bila malipo. Kumwona afisa huyo kabla ya kupakia mashine ni bora kuliko kumwona baada ya kukwama. Swali lake la kwanza litahusu namba iliyo kwenye kibao, kwa hiyo kibao kisibanduliwe, hata kama muuzaji anakitaka kwa kumbukumbu ya kiwanda chake.